Mkuu usitume hiyo hela: nyika ya Wamongolia mwezi wa kumi ni vumbi na upepo

Usitume. Kama umeshafungua WeChat kumtumia dalali wa safari advansi, funga kwanza usome hapa. Na hiyo ya "zimebaki nafasi mbili tu" isikubabaishe, na mimi niliambiwa zimebaki mbili, siku ya safari nikakuta watu wa kujaza mabasi na wote walikuwa wameambiwa zimebaki mbili.

Nimesoma bandiko lako mara ya kwanza nikadhani nasoma langu la zamani. Mwanafunzi, mko wanne, likizo ya taifa ya Oktoba mosi, treni ya mwendokasi kutoka Beijing mpaka Hohhot, mji mkuu wa Mongolia ya Ndani, halafu pakeji ya siku tatu nyika ya Xilamuren, farasi wamo, kulala kwenye ger, lile hema la duara la Kimongolia, kumo, moto wa usiku umo, "kuishi na wafugaji wanaohamahama" kumo. Ukauliza mbebe nguo gani, halali itapatikana au la, bajeti ya watu wanne ikae vipi, na kama mnaweza kuunganisha mpaka Ulaanbaatar, nchi ya Mongolia. Maswali mazuri. Ila lenyewe hujauliza. Hujauliza kama nyasi zitakuwepo.

Hazitakuwepo mkuu.

Nyie wote mnaopanga Neimenggu, yaani hiyo Mongolia ya Ndani ya China, wiki ya Oktoba kwa sababu ndiyo likizo iliyopo, mnapanga kwa kalenda ya chuo. Nyasi hazina habari na chuo. Mvua ya kule sehemu kubwa inanyesha mwezi wa sita, wa saba na wa nane, baada ya hapo inapungua sana mpaka mwakani. Majani yanaanza kuchungulia mwezi wa tano, na mwezi huo bado kuna pepo za vumbi za kukutia mchanga mpaka kwenye meno, yanakuwa kijani cha kueleweka kuelekea mwisho wa mwezi wa sita, yanakolea mwezi wa saba mpaka wa nane katikati hivi, mwezi wa tisa yanageuka manjano, na wa kumi yamekauka, yameliwa, na yaliyobaki yanapeperuka. Xilamuren yenyewe iko kaskazini ya Hohhot kama kilomita 90, unapanda milima ya Daqing unaivuka ndiyo unaikuta, uko juu zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo jua likizama tu baridi inashuka mpaka maji yanaganda kwenye ndoo. Hiyo ndiyo "fungate ya kijani" iliyoandikwa kwenye tangazo ulilotuwekea hapa. Fungate na nani sijui.

Na Mtanzania unalijua hili kuliko mtu yeyote. Mzungu akikuambia anakuja Kogatende mwezi wa pili kuangalia nyumbu wanavuka mto Mara, si utamcheka? Utamwambia nyumbu saa hizi wako Ndutu wanazaa, wewe unakuja kuangalia maji. Sasa kwa nini sisi tukifika China akili hiyo tunaiacha uwanja wa ndege? Mimi mwenyewe nimekulia kwa watu wa ng'ombe, najua ukame ni nini, najua mifugo haikai sehemu moja mwaka mzima, na bado nililipa. Yaani nililipa na nikashukuru.

Ngoja nikueleze kwa nini si suala la picha tu, maana najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema "hata nyasi za dhahabu zina uzuri wake". Huyo aende. Wewe umeandika unataka kuona utamaduni wa wafugaji. Utamaduni wenyewe unafuata mifugo, na mifugo inafuata majani, kwa hiyo ukikosea mwezi umekosa vyote kwa mpigo. Wamongolia wana wanyama wao watano wanaowahesabu, farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi, na kila mmoja ana msimu wake wa kazi. Maziwa ya farasi, ile airag inayochachushwa, ambayo kila mtu anaenda kule kuionja, inatokana na majike wanaokamuliwa kipindi cha kiangazi, na kiangazi cha kule ndiyo hiyo miezi ya joto na mvua, wa sita mpaka wa nane. Watoto wa farasi wanafungwa kwenye kamba ndefu karibu na nyumbani ili mama zao wasiende mbali, wanakamuliwa mara nyingi kwa siku, kila baada ya saa kadhaa, maana kiwele cha farasi ni kidogo hakiwezi kutunza maziwa kama cha ng'ombe. Yale maziwa yanamwagwa kwenye mfuko wa ngozi au pipa, yanasukwasukwa weee mpaka yanakuwa makali. Kuelekea baridi zile kamba zinafunguliwa, mtoto anarudi kwa mama, airag imeisha. Ukiagiza airag Oktoba kwenye kambi ya watalii utaletewa kitu, sikatai, ila usiniulize kimetoka wapi.

Siagi, utando wa maziwa, jibini kavu ngumu za kuvunja meno, zote hizo kazi yake ni kiangazi. Kiangazi wanakula vyeupe, baridi wanakula nyama, wanachinja kwa wingi baridi ikishaingia kabisa kwa sababu nje kote kumekuwa friji. Mwezi wa kumi uko katikati, maziwa yamekwisha na chinjachinja bado. Na Naadam, ile sherehe ya mieleka, mbio za farasi na mishale, upande wa nchi ya Mongolia ni tarehe 11 mpaka 13 mwezi wa saba, upande wa huku China kila wilaya inapanga ya kwake lakini nyingi ni mwezi wa saba na wa nane. Kwa nini? Kwa sababu farasi wamenenepa na watu wana nafasi. Mwezi wa nane wanaanza kukata nyasi za akiba, Oktoba mwenye mifugo yuko na trekta anasomba marobota ya nyasi kabla theluji haijamkuta, anauza kondoo, anaziba matundu ya zizi. Hana muda wa kukufundisha kuimba kwa koo.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo lako haliwezi kukuambia. Huku Mongolia ya Ndani kuhamahama kwenyewe kumepungua sana. Toka miaka ya 1980 mifugo na malisho viligawiwa kwa kaya, kila mtu na kipande chake, zikaja senyenge, zikaja nyumba za matofali, sehemu nyingine malisho yamefungwa kabisa ili ardhi ipumzike. Mchungaji anachunga kwa pikipiki. Wapo wanaohama bado, hasa pande za Xilingol na Hulunbuir, lakini wanahama kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi, na ger inasimamishwa kule kwenye malisho ya kiangazi. Oktoba familia imerudi kwenye nyumba ya matofali yenye jiko la makaa, wanaangalia tivii. Sasa ile ger unayouziwa wewe Oktoba ni ya nani?

Ni ya zege mkuu. Nimelala ndani yake. Ger ya kweli ina kuta za fito zilizosukwa, zinafunguka na kukunjwa, juu kuna duara la mbao la kutolea moshi, inafunikwa na sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, inafungwa kwa kamba, watu wachache wanaisimamisha kwa saa chache. Ile yangu ilikuwa zege la duara limepakwa rangi nyeupe na michoro ya bluu, mlango wa alumini, ndani vitanda vya hoteli, choo kinachotoa harufu ya kushiba, na kipasha joto kilikuwepo ukutani kama pambo. Nikauliza mbona hakiwaki. Nikaambiwa msimu wa joto haujafika. Baadaye ndiyo nikajua hata Hohhot mjini mfumo wa kupasha joto majumbani unawashwa tarehe 15 Oktoba, kwa hiyo wiki ya likizo ya taifa ndiyo ile wiki baridi imeshafika na moto bado. Tulilala na majaketi, na kofia, mwenzetu mmoja akalala na viatu. Kulikuwa na shuka la umeme, upande mmoja linaunguza upande wa pili limekufa, usiku mzima tunageuzana.

Sasa nije kwa dalali, maana huyu bado ananiuma kuliko baridi.

Jina simtaji, wala si lazima awe huyo wako, ingawa uandishi unafanana sana. Ni Mbongo mwenzetu, amesoma huku, anaongea Kichina kama redio, kila grupu la wanafunzi yumo. Alinitumia picha. Kijani mpaka upeo wa macho, farasi mweupe, anga ya bluu, na yeye mwenyewe amesimama hapo kavaa tisheti. Tisheti! Nikamuuliza, kaka, Oktoba kunakuwa hivi? Akajibu "kunapoa kidogo, jaketi moja inatosha". Alikuwa amekwenda mwezi wa saba. Alijua. Mtu aliyesimama kwenye nyasi mwezi wa saba na anauza safari ya mwezi wa kumi kwa picha hizohizo, huyo hajakosea, huyo anafanya biashara. Na nilipompigia nikiwa kule, upepo unanipiga mpaka simu haisikiki, akasema "angalieni upande chanya". Upande chanya ulikuwa ni yeye na kamisheni yake.

Mbinu yenyewe iko hivi ili uijue hata kama hutanisikiliza. Bei ya pakeji ni ya kutupwa kwa makusudi. Haitoshi hata basi na kitanda. Faida inatafutwa kwako ukishafika, kwa sababu ukishashuka pale katikati ya nyika huna pa kwenda, basi ni lao, chakula ni chao, na mtandao ni wa kubahatisha. Sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza kabisa mambo ya kuvuta watu kwa bei ya chini isiyo na mantiki halafu kuwakamua kwenye maduka na vitu vya kulipia pembeni. Sheria ipo. Mimi nilikuwepo pia. Tatizo ni kwamba mkataba sikuwa nao, nilikuwa na meseji za WeChat na stika za makofi.

Tumefika, wakatupokea kwa wimbo, kila mmoja akavikwa kitambaa cha bluu shingoni na kupewa kikombe cha pombe kali, unachovya kidole cha pete, unarusha tone juu kwa mbingu, unarusha chini kwa ardhi, unapaka kwenye paji la uso, unakunywa. Hapo nilikuwa na furaha kweli, nilishavaa na kofia yangu ya Kimongolia niliyonunua kituo cha treni, msinicheke, kila mtu ana kipindi chake. Nikageuka kuangalia nyika ambayo nimeisafiria. Rangi ya gunia. Mpaka mwisho wa macho rangi ya gunia, vumbi linatembea chini chini, na mabasi, na foleni ya choo. Dada mmoja wa kundi letu aliyebeba gauni jekundu refu kwa ajili ya picha alilitazama begi lake tu hakulifungua.

Farasi "wamejumuishwa" maana yake ni kukaa juu ya farasi akiwa amefungwa, unapigwa picha, unashuka. Ukitaka atembee kuna menyu. Kwenda kwenye lile lundo la mawe la ibada, ovoo, bei yake. Kwenda kwenye ziwa, bei yake, ziwa lenyewe msimu ule ni tope. Kwenda "nyumbani kwa mfugaji", bei yake. Njia zote tatu, unapewa bei ya punguzo inayozidi hela uliyolipia safari nzima. Hujapanda bado, unakodishwa vilinda magoti. Umepanda, mko katikati ya njia, yule kijana anayeongoza msafara anasimama anauliza nani anataka farasi akimbie, kukimbia ni hela nyingine, asiyetaka abaki hapo awasubiri wenzake kwenye upepo. Tukalipa. Wewe ungefanyaje? Nyumbani kwa mfugaji tukakuta meza ndefu ya peremende za maziwa, nyama kavu ya ng'ombe kwenye pakiti za kiwandani na bangili za fedha, na mama mmoja mwenye spika ya shingoni. Chai tulipewa, ya moto, ya maziwa na chumvi, namshukuru Mungu kwa ile chai.

Na msije mkasema naponda Wamongolia. Yule kijana wa farasi nilikuja kuongea naye usiku kwa Kichina changu cha kuungaunga, akanicheka akaniuliza kwa nini wageni wote mnakuja majani yakishakufa. Akasema wao wiki hiyo ndiyo ya mwisho, wanakusanya cha kukusanya wakifunga wanapeleka farasi malishoni mpaka mwakani. Mshahara wake mdogo, anategemea hizo "kukimbia". Kwa hiyo hasira zangu haziko kwake, ziko kwa yule mwenye tisheti.

Moto wa usiku uliwashwa robo saa upepo ukawashinda wakauzima kwa usalama. Ngoma ikahamia ukumbini, dansi za kisasa, taa za disko.

Ndiyo maana nasema panga kwa majani. Tarehe ya kwanza unayoandika kwenye daftari iwe ya nyasi, halafu ndiyo tiketi, halafu wenzako, halafu chuo. Kati ya mwisho wa mwezi wa sita na katikati ya mwezi wa nane. Nje ya hapo baki bwenini pika ugali, utakuwa na faida zaidi. Umeandika kiangazi unarudi nyumbani ndiyo maana umechagua Oktoba, sawa, nimekusoma. Lakini mitihani si inaisha mwanzoni mwa mwezi wa saba? Tiketi ya Dar isogeze mbele kidogo. Hapo hapo, mtihani ukiisha, unaenda nyika kwanza halafu unarudi nyumbani. Mimi nilifanya hivyo mwaka uliofuata baada ya kuapa kwamba sirudi tena, na ndiyo kisa naandika kwa uchungu, maana nimeona zote mbili.

Nilienda Hulunbuir, kule kaskazini mashariki kabisa karibu na Urusi. Ndege kutoka Beijing mpaka Hailar ni masaa mawili na kitu, treni ipo ila ni ya kulala njiani. Mwezi wa saba nauli inapanda kwa hiyo kata mapema. Hata kwa msimu mzuri Xilamuren nyasi zake ni fupi, pale ni ukame karibu na jangwa, watu wanaipenda kwa sababu iko jirani na Hohhot basi. Hulunbuir nyasi zinakufika magotini na zina maua ndani yake. Kuna mto unaitwa Morigele, umejipindapinda kwenye bonde mpaka unashindwa kuelewa unaelekea wapi. Usikodi gari kuendesha mwenyewe, leseni yetu haitambuliki China na ile ya kimataifa pia haitambuliki, tafuteni dereva wa kule, wanne mnatosha gari moja mnagawana, na mnasimama mnapotaka bila dada muongoza watalii mwenye bendera kuwapigia filimbi.

Huyo dereva alitupeleka kwa shangazi yake aliyekuwa kwenye malisho ya kiangazi. Ger ya sufu. Mlango unaangalia kusini. Tukaingia bila kukanyaga kizingiti, hilo zingatia, usikikanyage, na usitupe takataka kwenye jiko maana moto wao wanauheshimu, ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia au yote miwili, hapo sisi hatupati shida ndivyo tulivyolelewa. Bibi akatumiminia chai ya chumvi, akatia na mtama wa kukaanga ndani, akaweka utando wa maziwa. Hakuna aliyeimba. Mjukuu alikuwa anacheza gemu kwenye simu. Nikaulizwa kwetu tuna ng'ombe wangapi, nikataja wa baba, wakaniuliza wana pembe za aina gani, wanakula nini wakati wa ukame, wanaibiwa? Tukaongea ng'ombe mpaka dereva akachoka kutafsiri. Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta wewe na pakeji haina.

Mbu nisiwadanganye, wapo, wakubwa, wanapita kwenye jinzi. Na kule mwezi wa saba jua linachomoza kama saa kumi alfajiri kwa sababu China nzima inafuata saa ya Beijing, kwa hiyo beba kitu cha kufunika macho kama una usingizi wa mashaka.

Nguo: uliuliza. Hata mwezi wa saba jaketi, usiku ni baridi, mchana jua linaunguza. Halali: Hohhot mjini hakuna shida, kuna mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, karibu na Msikiti Mkuu, kuleni mpaka mchoke. Ukishatoka mjini ni kazi, kondoo wa Kimongolia anachinjwa kwa namna ya kwao, wanapasua kifuani wanakata mshipa kwa ndani damu isimwagike chini, hiyo kwa Muislamu haiendi. Chai, maziwa, jibini, mtama unakula, ila uliza kama kwenye chai hawajatia vipande vya nyama, wengine wanatia. Kama mmoja wenu anashika dini sana beba tende na tambi za Wahui kutoka mjini. Na pasipoti kila mtu awe nayo mwilini, vinyumba vingi vya wageni huko hawajui kumuandikisha mgeni wa nje, piga simu kabla hujalala barabarani.

Mtu akisema "tutaenda tu hata kama nyasi zimekauka tutafurahi wenyewe kwa wenyewe", furahini Beijing, ni bure. Tena tiketi za treni za wiki ya Oktoba zinafunguliwa siku 15 kabla na zinaisha ukiwa bado unaandika jina, ndiyo maana dalali anataka hela sasa hivi, anajua ukishakuwa na tiketi mkononi hutarudi nyuma.

Kwa hiyo leo, siyo kesho. Kama hujatuma, mwambie akutumie picha ya pale kambini iliyopigwa wiki ya Oktoba mwaka jana, yenye watu na tarehe, na mkataba wa kampuni wenye mhuri unaosema farasi wanaenda wapi na kwa muda gani. Hatakutumia. Kama umeshatuma, mwandikie kwa maandishi kwamba umeghairi kabla hajakata tiketi kwa jina lako, usimpigie, andika, piga picha ya mazungumzo yote kuanzia lile tangazo la kijani, akikuzungusha piga 12345, namba ya serikali ya malalamiko, ueleze kwa Kichina au mtafute mwenzako anayekijua. Mimi niliipata namba hiyo nikiwa nimesharudi bwenini na mafua, na meseji nyingine nilikuwa nimezifuta kwa hasira. Wewe usifute kitu.